Sogora Anapomhoji Sogora: Mafia na Historia ya Muziki Wetu



Katika safari moja ya kwenda Mafia, ndani ya boti itokayo Nyamisati kuelekea Kilindoni, kijana aliyeketi karibu nami alifungulia simu yake, sauti ikatufikia sote tuliokuwa upande ule. Ilikuwa podikasti ya muziki. Mwenye kipindi alikuwa mwanamuziki, na mgeni wake mpiga ngoma aliyekwisha kula chumvi nyingi. Nilitega sikio kwa sababu ya swali moja. Mwenye kipindi hakumwuliza mgeni wake alianza muziki lini, wala ana ujumbe gani kwa vijana. Alimwuliza ngoma yake iliwambwa kwa ngozi ya mnyama gani, na walipoikanza walitumia kuni au makumbi ya nazi. Mgeni alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwa muda mrefu: moto mkali unavyoipasua ngozi, moto hafifu unavyoiacha sauti imelala, na nani alimfundisha kuutambua moto uliofaa. Mzee mmoja aliyeegemea mzigo wake akauliza, "Huyu anayeuliza naye ni mpigaji?" Kijana akajibu, "Ndiyo, mzee wangu." Mzee akasema, "Inajulikana."

Makala haya ni ufafanuzi wa neno hilo la mzee. Nakusudia kuonyesha kwamba historia ya muziki katika mwambao wetu imetegemea sana ni nani aliyeshika kalamu au kinasa sauti, na kwamba mazungumzo ya mwanamuziki na mwanamuziki mwenzake, ambayo wengi huyaona kuwa burudani ya vijana, yana asili ndefu kuliko simu zinazoyabeba. Nakusudia pia kusema jambo linalouma: Mafia imeulizwa mara chache, ikaulizwa zaidi na wageni, na mengi ya majibu yake yamewekwa mbali na watu walioyatoa.

Siti na karani mshairi

Tuanze Unguja, maana huko ndiko mazungumzo ya namna hii yalikozaa kitabu mashuhuri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika jamaa maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti mwenyewe alitembeza vyungu kabla sauti yake haijamfungulia milango ya mji. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na santuri hizo zikasambaa mwambao mzima na bara. Alifariki Julai 1950. Kabla ya kufariki alikutana na Shaaban Robert, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akamsimulia maisha yake. Mazungumzo hayo ndiyo chimbuko la Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wetu vimekisoma.

Shaaban Robert hakuwa mwimbaji. Lakini alikuwa mshairi, na katika taarabu shairi ndilo uti wa mgongo wa wimbo. Alipoketi mbele ya Siti, alikuwa mtu wa kazi moja na yeye: wote wawili walijua vina na mizani, na wote wawili walijua maana ya kutunga ukiwa huna ukoo wala mali ya kukulinda. Ndiyo maana alimwona Siti kuwa bingwa anayestahili wasifu, katika zama ambazo mwanamke mweusi wa asili ya chini aliandikwa, kama aliandikwa kabisa, katika majalada ya mahakama na orodha za watumwa.

Hata hivyo wimbo wa taarabu hufumba. Anayeipata santuri ya Siti leo atasikia sauti, udi na fidla, lakini hatamsikia mtu aliyekusudiwa na fumbo. Mtu huyo alijulikana barazani, na ujuzi huo haukuingia katika santuri. Chukua wimbo uitwao Kijiti. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, aliwahoji wazee wa Unguja kuhusu nyimbo za zama za Siti. Kutokana na kazi hiyo tunaelewa vizuri zaidi kwamba wimbo huo ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, mtuhumiwa aliyevuka bahari akakimbilia Tanganyika, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakaishia wao ndio kuadhibiwa. Wimbo ulikuwa hukumu ya wananchi juu ya hukumu ya mahakama ya kikoloni. Lau wazee wale wasingeulizwa kabla hawajaondoka duniani, tungebaki na muziki mtamu na jina la mtu tusiyejua alifanya nini.

Hapa ndipo lilipo jambo la msingi ninalotaka wanafunzi wangu walishike. Kurekodi muziki na kuhifadhi historia ya muziki ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza huhitaji chombo. Ya pili huhitaji mtu anayejua la kuuliza.

Mafia iliulizwa na nani?

Sasa tuvuke kusini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 iliingia mikononi mwa Wajerumani, na Januari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Waingereza wakaiteka. Kila mtawala alikuwa na maswali yake kwa visiwa hivi: minazi ni mingapi, bandari ina kina gani, kodi italipwa na nani. Ngoma haikuwamo katika orodha.

Hata pale ambapo muziki wa koloni ulinaswa, ulinaswa kwa namna inayotufundisha jambo. Mwaka 1906, vidonda vya Vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa koloni, sehemu za Lindi na Masasi hadi uwanda wa Makonde, akiwa na fonografu na silinda za nta. Nyimbo alizozinasa zilisafiri hadi Berlin. Ni hazina, sikatai. Lakini mwimbaji aliyeimba mbele ya pembe ile ya fonografu hakuwa katika nafasi ya kumwuliza mgeni wake sauti yake inapelekwa wapi na itarudi lini.

Mafia yenyewe ilipata muulizaji wa nyumbani katika zama za Waingereza. Mwaka 1941 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha mapokeo ya visiwa hivyo yaliyokusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi. Jambo hilo ni la heshima: kadhi aliyewasikiliza wazee akayaweka maneno yao pamoja. Lakini jarida lilikuwa la Kiingereza, na wasomaji wake wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni. Mwenye habari alisimulia kwa Kiswahili, na habari yake ikasomwa kwa lugha ambayo hakuijua.

Msomaji aliyefika Mafia huenda amesikia kisa cha Kua, mji uliobaki magofu katika kisiwa cha Juani, na hasimu wake Kisimani. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza kwa miaka, kisha wakawaalika Kisimani harusini na kuwafungia wageni wao ndani ya chumba wasitoke tena. Wanahistoria wamekijadili kisa hiki kwa maswali ya kihistoria: je, kilitokea, na kilitokea lini? Ni maswali halali. Lakini kila nikikisikia, hujiuliza swali ambalo sogora angeanza nalo: harusini hapo ilipigwa ngoma gani? Maana wageni hawakai na kufurahi mpaka wafungiwe mlango bila ngoma. Swali hilo likiulizwa kwa mzee anayekisimulia, huenda likafungua ukurasa wa mapokeo ambao mwanahistoria hakuujua kuwa upo.

Mwaka 1965 alifika kaskazini mwa Mafia mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Pat Caplan, ambaye amerudi mara nyingi tangu hapo. Mwaka 1976 alikuja pamoja na watayarishaji wa filamu wa BBC. Katika maandishi yake mna jando na unyago, mna maulidi, mna ngoma za mashetani na jinsi watu walivyozitumia kutafuta afya na amani ya nyumba. Kitabu chake African Voices, African Lives cha mwaka 1997 kimejengwa juu ya masimulizi ya jamaa moja ya kijijini, na mkuu wa jamaa hiyo alimwandikia shajara kwa Kiswahili. Sina sababu ya kuidharau kazi hii. Ni watafiti wachache waliodumu na kisiwa kimoja kwa miaka mingi hivyo. Tena mwaka 2014 alitoa kitabu kwa Kiswahili, Mikidadi wa Mafia, kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na hilo ni deni ambalo wasomi wengi wageni hawajalilipa.

Hata hivyo maswali ya mwanaanthropolojia hubaki ya fani yake. Huuliza nani ni ndugu wa nani, nani amiliki shamba, nani mgonjwa na nani amegharamia ngoma. Mpigaji huuliza mengine: msondo unaingia lini na chapuo lini; manju akikosea, nani humrudisha njiani; mkono huu umeutoa kwa nani; wimbo huu ulikuwa na beti ngapi kabla hamjaupunguza kwa ajili ya wageni wa serikali? Historia inayotokana na maswali haya ni historia ya ujuzi, na ujuzi ndio unaokufa kwanza.

Redio ya taifa na waliobaki nje

Baada ya uhuru tulipata chombo chetu. Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1951 ilikua, na kuanzia mwaka 1965 tukaijua kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpaka redio binafsi zilipoingia katika miaka ya 1990, studio za RTD zilikuwa ndizo mlango mkuu wa mwanamuziki wa Tanzania Bara kuifikia nchi yake. Bendi za dansi zilirekodi humo, na mikanda yake ni kumbukumbu ya taifa isiyo na mbadala.

Lakini mlango ni mlango: wako wanaopita na wako wanaobaki nje. Aliyetaka kupita alipaswa kwanza kufika Dar es Salaam. Kilwa Jazz, bendi ya Ahmed Kipande iliyobeba jina la mwambao wa kusini, iling'ara ikiwa mjini. Mtu wa visiwani aliyekuwa na ngoma yake, kazi yake ya uvuvi na minazi yake, hakuwa na bendi wala nauli ya kuifuata studio. Na ngoma ikirekodiwa kwa jina la kabila au la wilaya, huwa haina mwenyewe kwenye karatasi. Tunasema "ngoma ya asili" kana kwamba ilijiotea yenyewe kama mkoko, ilhali kila wimbo uliwahi kutungwa na mtu mwenye jina, usiku fulani, kwa sababu fulani.

Katika miaka ya karibuni wanamuziki wenyewe wameanza kuziba pengo. John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, maarufu kama Wana Njenje, ametumia miaka mingi kuandika mtandaoni habari za wanamuziki wa dansi na bendi zao, nani alipiga gitaa gani na nani alihamia wapi. Kazi yake inathibitisha neno la mzee wa kwenye boti. Mwanamuziki hajitambulishi kwa mwenzake. Huanzia mahali ambapo mwandishi wa kawaida humalizia. Podikasti ya leo ni mtoto wa jitihada hiyo, na ina faida moja juu ya maandishi: ndani yake mgeni anaweza kuimba, kupiga meza kwa vidole, na kunyamaza, na hata kunyamaza kwake tukakusikia.

Karatasi, leseni na haki

Nawageukia sasa watumishi wa umma, maana jambo hili haliishii katika utamu wa masimulizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na pia inazitambua sanaa za jadi kuwa kitu kinachohitaji ulinzi. Sheria nzuri, lakini ulinzi wowote huanza na swali la nani alitunga. Katika mji wenye bendi na mikataba, swali hilo hujibiwa kwa karatasi. Katika kijiji cha Mafia, karatasi hiyo ni kumbukumbu ya mzee. Mahojiano yaliyorekodiwa vizuri, yenye tarehe, jina la msemaji na ridhaa yake, ni mwanzo wa ushahidi. Yasiporekodiwa, siku mdundo wa kisiwa utakapotumika katika wimbo wa kisasa au tangazo la kitalii, mwenye mdundo hatakuwa na pa kuanzia kudai.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni, na ada ya leseni ikawa shilingi milioni moja, mbali na ada ya maombi. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia upotoshaji na matusi. Lakini fikiria kijana wa Kirongwe au Jibondo mwaka ule wa 2018, mwenye simu moja na babu mmoja anayejua nyimbo ambazo hakuna mwingine azijuaye. Kwa kanuni iliyotungwa kumdhibiti mwenye chombo cha habari, babu yule alikuwa anazibwa mdomo bila yeye kujua. Mtunga kanuni hakumkusudia, na hapo ndipo penye kasoro: hakumfikiria kabisa.

Kasoro za muulizaji mpigaji

Nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningemsifu mwanamuziki muulizaji bila kutaja udhaifu wake. Kwanza, anaona haya. Atamhoji mkubwa wake katika fani kwa unyenyekevu kiasi kwamba habari za madeni, wivu, fedha zilizoliwa na nyimbo zilizoibwa zitapita pembeni. Pili, anawapenda mashuhuri. Mtu aliyeshika kipaza sauti hukumbukwa. Aliyeitikia nyuma, hasa akiwa mwanamke, husahaulika, ilhali katika ngoma nyingi za pwani waitikiaji ndio wanaobeba wimbo. Tatu, anadhani kila mlango ni wa kufunguliwa. Ngoma za uganga zina miiko, na zipo nyimbo ambazo mwenyewe haruhusu zisikike nje ya mahali pake. Muulizaji anayejua fani anapaswa kuwa wa kwanza kuijua mipaka hiyo, na kukizima kinasa sauti anapoambiwa akizime.

Udhaifu huu una dawa, nayo ni mafunzo na ushirikiano. Mwanahistoria humfundisha mpigaji kulinganisha masimulizi ya watu watatu kabla ya kuamini moja. Mpigaji humfundisha mwanahistoria kusikia. Wahitimu wa TaSUBa pale Bagamoyo, na wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar, ni watu wenye masikio tayari. Wanachohitaji ni mbinu za utafiti na nauli ya boti.

Tufanye nini?

Wanafunzi, hasa ninyi mnaotoka visiwani na vijijini, msisubiri ruzuku. Likizo ijayo tafuta mtu mmoja, ala moja na wimbo mmoja. Mwamkie, keti, eleza unataka kufanya nini na sauti yake, kisha uliza kama mtu anayetaka kujifunza kupiga. Andika majina ya waitikiaji wote.

Watumishi wa umma, tengeni mahali pa kuweka. Nakala moja ibaki Kilindoni, mahali ambapo mjukuu wa msemaji anaweza kuingia na kuomba kusikiliza. Nyingine iende katika maktaba ya chuo kikuu. Tusirudie mwendo wa silinda za nta, uliokuwa wa kwenda tu. Na kanuni za mtandaoni zitamke wazi kwamba masimulizi ya utamaduni yasiyo ya biashara hayahitaji leseni ya mtu mwenye kituo cha habari.

Wanaharakati, haki ya kusema mmeipigania, na mnaendelea. Ongezeni katika orodha yenu haki ya kuulizwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 46,438 wa Mafia. Nyumba ziliulizwa zina watu wangapi na zinapata maji wapi. Ni maswali ya lazima, na serikali isiyoyauliza haiwezi kupanga. Lakini mtu anayeulizwa siku zote kuhusu mahitaji yake tu, hafikii kamwe kueleza anachokijua.

Tulipofika Kilindoni, mazungumzo ya kwenye simu yalikuwa hayajaisha. Yule mzee alimwuliza kijana kama kipindi hicho huwahoji na watu wa huku. Kijana akasema hajui, labda wakipata mtu wa kuwapeleka. Mzee akajitwisha mzigo wake, akashuka. Sikumwuliza jina lake, wala kama alikuwa mpigaji. Nimefundisha historia kwa miaka, na nafasi hiyo ilinipita nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nawaandikia nyinyi ili isiwapite.